Tuanze na nyumba, batri itafuata

Wana Goma wenzetu, vijana wa Ndosho, Majengo, Katoyi, Mabanga, Keshero, Birere na kartiye zote,

Leo mu mji wetu kila mtu anaongelea sola. Paneli iko juu ya bati ya butike, iko kwa kinyozi, iko kwa mama anayechaji telefone za majirani. Ni jambo zuri. Lakini malalamiko tunayosikia ni yaleyale: "Batri yangu ilikufa mbele ya mwaka kuisha." "Paneli ni kubwa, lakini saa tatu ya usiku giza inaingia." Na jibu la wauzaji ni moja tu: ongeza paneli, ongeza batri, leta tena dola.

Sisi tunasema kitu kingine. Mbele ya kuuliza paneli ngapi, tuulize nyumba ni ya namna gani. Nyumba inayokula umeme mingi, inayochoma makala mchana na usiku, inayowaka kama tanuru saa sita na kuwa baridi kama kaburi saa tisa ya usiku, hata ukiweka paneli kumi haitashiba. Nyumba iliyofikiriwa vizuri inashiba na kidogo. Na kidogo ndicho familia nyingi za Goma ziko nacho.

Hii haiko hotuba ya matajiri wa Himbi. Ni hesabu ya familia ya watu saba, mu nyumba ya mbao, kwenye parseli ndogo juu ya mawe ya volkano.

Nyumba zetu zinatoka wapi

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 ikarudi tena, ikala maelfu ya nyumba upande wa kaskazini, ikakata barabara ya Rutshuru, na matetemeko yakapasua kuta katikati ya mji. Mu miaka hiyo vita nayo ilileta watu kwa makumi ya maelfu, na kila mmoja alihitaji pa kulala usiku uleule.

Ndiyo sababu sehemu kubwa ya Goma ni mbao na bati. Mbao zinapanda haraka. Mbao hazitaki msingi mrefu, na juu ya lava kuchimba msingi ni kazi ya nyundo na jasho. Mbao unaweza kuzibomoa na kuzihamisha. Wazazi wetu hawakuwa wajinga, walijenga kwa haraka ya msiba. Shida ni kwamba nyumba ya haraka imekuwa nyumba ya maisha, na hakuna aliyekaa chini na familia kuiangalia upya.

Katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991 walimaliza kujenga nyumba zinazohitaji joto kidogo sana kuliko nyumba za jirani. Siri yao haikuwa mashine kubwa. Walianza na kuta nene, madirisha mazuri, na nyumba kugeuka upande wa jua. Mashine ikaja mwisho, ikiwa ndogo. Sisi hatuna theluji. Tuko karibu na ikweta, kwenye urefu wa mita kama 1,500, mchana si joto la Kisangani na usiku tunaomba blanketi. Kwa hiyo tusiige kuta zao. Tuige mpango wao: nyumba kwanza, matumizi ya pili, paneli ya tatu.

Mahali, ukuta na dari

Kitu cha kwanza ni mahali. Goma iko na neno ambalo wanasayansi wa dunia yote wamelichukua jinsi lilivyo: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inakusanyika mu mashimo na mabonde, zaidi upande wa magharibi ya mji karibu na ziwa. Inaua bila kelele. Kwa hiyo usijenge chumba cha kulala ndani ya shimo, inua sakafu juu ya ardhi, na acha njia ya hewa. Nyumba iliyozibwa pande zote kama zile za Ulaya, bila mashine ya kubadilisha hewa, ni hatari kwetu.

Cha pili ni upande. Jua letu linapanda mashariki, linapita karibu juu ya kichwa, linashuka magharibi. Ukuta wa magharibi ndio unaopigwa na jua la mchana kuelekea jioni. Kama parseli inaruhusu, weka upande mrefu wa nyumba uangalie kaskazini na kusini, upande mfupi uangalie mashariki na magharibi. Madirisha makubwa yaende upande mrefu. Haiongezi hata franga moja kwa bei ya ujenzi, inataka tu kufikiri mbele ya kupiga msumari wa kwanza.

Cha tatu ni ukuta. Tumekaa juu ya jiwe ambalo watu wengine wangelinunua. Jiwe la lava linakunywa joto la mchana polepole na kulirudisha usiku. Ile changarawe nyepesi ya volkano, yenye matundu matundu, inabeba hewa ndani yake, na hewa iliyofungwa inazuia joto kupita. Anayeweza, ajenge nusu ya chini kwa mawe au bloki na nusu ya juu kwa mbao, vile wengi wameanza kufanya. Lakini matetemeko ya 2021 yalitufundisha: ukuta wa mawe bila mkanda wa zege na vyuma unaozunguka nyumba yote ni ukuta unaosubiri siku yake. Na anayebaki na mbao apige mbao mara mbili, ndani na nje, na nafasi ya hewa katikati. Upepo wa usiku hautapita tena kwenye nyufa.

Cha ine ni dari, na hapa ndipo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Bati tupu juu ya kichwa ni mbabula saa ya mchana na barafu saa ya usiku. Weka plafo, iwe ya mbao nyembamba, ya triplex au hata ya mikeka iliyofungwa vizuri, na acha hewa ipite kati ya plafo na bati. Chumba kinabadilika siku hiyohiyo, na makelele ya mvua yanapungua. Kama uko na dola za kununua kitu kimoja mwaka huu, nunua plafo mbele ya paneli.

Cha tano ni mwangaza. Kuko nyumba mu mji wetu ambamo taa inawaka saa ine ya mchana, huku jua likiwa kali inje. Bati moja ya plastiki inayopitisha mwangaza, iliyofungwa vizuri juu ya sebule, na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe ndani, zinazima taa hiyo kwa miaka. Mtoto anasoma bila kutumia hata wati moja.

Hesabu ya familia

Sasa ndiyo tuje kwa umeme. Chukua kalamu.

Taa 6 za LED za wati 7, zikiwaka saa 5, zinakula wati-saa 210. Televizyo ndogo ya wati 40 kwa saa 4, wati-saa 160. Kompyuta ya kubeba ya wati 50 kwa saa 3, wati-saa 150. Radio na telefone za familia, tuweke 90. Jumla ni wati-saa 610 kwa siku.

Goma kuna mawingu na misimu miwili ya mvua, kwa hiyo usiamini muuzaji anayehesabu saa kumi za jua. Hesabu saa 4 za jua kamili kwa siku, na ujue kwamba karibu 30 kwa mia inapotea kwenye nyaya, batri na vyombo. Hapo 610 inataka paneli ya wati kama 220. Nunua ya 250 na uko na nafasi. Batri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba karibu wati-saa 1,200, ikitosha usiku mmoja na akiba ya siku ya mvua. Ukichukua batri ya risasi, jua kwamba ukiimaliza kupita nusu kila siku unaiua. Basi inunue ikiwa kubwa mara mbili au uache.

Sasa badilisha kitu kimoja tu mu nyumba hiyo. Ondoa LED, weka zile taa za zamani za wati 60. Taa sita peke yake zinakula wati-saa 1,800, na jumla inapanda mpaka 2,200. Paneli inakuwa ya wati 800 kwenda juu, na batri inaongezeka vilevile. Familia ni ileile, televizyo ni ileile, lakini bei imepanda zaidi ya mara tatu juu ya taa sita. Ndiyo maana tunasema wati rahisi kuliko zote ni ile ambayo hukuitumia.

Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa inakula wati-saa 500, karibu sawa na siku nzima ya nyumba yetu. Basi pasi isubiri umeme wa mtandao, au mpige pasi nguo za wiki yote saa sita mchana jua likiwa juu. Kujua hilo kunaokoa batri kuliko garanti yoyote ya muuzaji.

Paneli yenyewe iinamishwe kidogo, isilale kabisa, ili mvua iioshe. Vumbi la barabara za lava na majivu ya Nyiragongo vinaifunika, kwa hiyo panda kuisafisha kwa maji na kitambaa, asubuhi ikiwa baridi. Moshi wa volkano unafanya mvua kuwa na asidi. Sisi wote tunajua vile bati inaoza hapa. Chuma cha kushikilia paneli kiwe cha aluminiyumu, na misumari isiyoshika kutu. Maji ya mvua ya bati yanafaa kufua na kuosha sahani, lakini ya kunywa yatoke kwingine.

Kwenye mbabula ndipo vita kubwa iko

Tuseme wazi: umeme wa taa ni sehemu ndogo ya nguvu inayoliwa mu nyumba ya Goma. Sehemu kubwa inaenda jikoni, na jina lake ni makala. Makala hayo mengi yanatoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ya zamani kuliko hifadhi zote za taifa Afrika. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiilinda. Na biashara ya makala imelisha vikundi vyenye silaha kwa miaka mingi. Kila gunia tunalopunguza jikoni, tunalipunguza pia kwenye barrière za msituni.

Paneli ya wati 250 haitapika bugali wala sombe. Anayekuambia inawezekana anakudanganya. Lakini kuko njia. Maharagi yalale ndani ya maji usiku mzima mbele ya kupikwa. Sufuria iwe na kifuniko. Ikishachemka, iondoe kwenye moto na uifunge ndani ya karatoni au kapu lililojaa nguo za zamani au majani makavu ya mgomba. Itaendelea kujipika yenyewe kwa saa nyingi. Mbabula yenye udongo ndani inashika joto kuliko ile ya chuma kitupu. Bido nyeusi iliyojaa maji, ikiwekwa juani tangu asubuhi, inatoa maji ya uvuguvugu ya kuogesha watoto jioni, bila hata kipande kimoja cha makala. Na aliye na umeme wa mtandao aangalie sufuria ya umeme yenye mgandamizo: inapika maharagi ya familia kwa chini ya kilowati-saa moja. Linganisha bei hiyo na makala unayonunua kila siku, kisha uamue.

Jiko liwe na chumba chake, na tundu la moshi juu. Mbabula isilale na watu ndani ya chumba. Kila msimu wa baridi ya mvua tunazika watu waliofunga mlango na makala yakiwaka. Nyumba yenye plafo na kuta nzuri inaondoa sababu ya kufanya hivyo.

Na moto wenyewe: Birere na kartiye nyingine zinajua vile kibanda kimoja cha mbao kinachukua avenue nzima. Waya mwembamba unaobeba umeme wa batri unapata joto na kuwasha mbao. Tumia waya mnene, weka fuzi karibu kabisa na batri, funga batri kwenye sanduku lenye hewa, isikae chini ya kitanda. Mwite fundi aliyesoma kazi hiyo. Na acha nafasi ya kupita kati ya nyumba yako na ya jirani.

Mpangaji naye?

Wengi wetu ni wapangaji. Mtu anasema: "Nitengeneze plafo ya mwenye nyumba, kesho anipandishie bei?" Swali ni la haki. Jibu la kwanza ni kununua vitu vinavyohama na wewe: paneli iliyofungwa kwa bolti, batri ndani ya sanduku, LED zako, kapu lako la kupikia. Jibu la pili ni karatasi. Mbele ya kuweka plafo, mkubaliane kwa maandishi, mbele ya mashahidi wa avenue: pesa ya plafo inatolewa kwenye loyer ya miezi fulani, na bei haipandi kwa muda fulani. Wenye nyumba, na nyinyi mnafaidi: nyumba isiyoungua na isiyooza ni mali yenu.

Kuhusu pesa, tunajua hali. Januari 2025 banki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kazi nyingi zikakufa. Kwa hiyo hatuambii mtu kujenga vyote siku moja. Likelemba ya familia kumi inaweza kutoa plafo moja kila mwezi. Baada ya miezi kumi, nyumba kumi. Anza na LED na kifuniko cha sufuria, wiki hii. Plafo baadaye. Paneli ndiyo ya mwisho.

Tusijifiche nyuma ya paneli

Kuko hatari mu maneno yetu haya, na tunaiona. Wakubwa wanapenda sana raia anayejipanga peke yake. Congo nzima inajua artikle 15, ile isiyoandikwa popote: jidebruye. Maji hakuna? Jidebruye. Barabara hakuna? Jidebruye. Umeme hakuna? Nunua paneli, jidebruye.

Lakini Katiba ya 2006 iko na kifungu cha 48, na hicho kimeandikwa. Kinahakikisha haki ya makao yanayostahili, ya maji ya kunywa na ya umeme. Waliviweka vitatu pamoja, mu kifungu kimoja, maana havitengani. Tuliona hilo Januari 2025: vita ilipoingia mu mji umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakarudi kuchota ziwani. Paneli juu ya bati yako inawasha taa yako. Haisukumi maji ya mji, haiwashi hospitali, haiwashi avenue ambako dada zetu wanapita usiku.

Na inawezekana. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua soko la umeme, SNEL haiko tena peke yake. Matebe, kwenye mto Rutshuru, inatoa umeme wa maji tangu 2015. Ndosho, hapahapa kwetu, kampuni Nuru iliwasha mwaka 2020 kituo cha sola cha megawati 1.3. Mji huu umeshaonyesha kwamba umeme safi haiko ndoto. Kinachobaki ni bei, nyaya na haki.

Kwa hiyo tunadai, kwa yeyote anayekusanya kodi mu mji huu:

Kwanza, paneli, batri na nyaya zinazopita kwenye barrière zipimwe kweli, na mali bovu irudishwe. Kodi inachukuliwa kwa kila karatoni. Ukaguzi nao ufanyike kwa kila karatoni.

Pili, ofisi za urbanisme zitoe bure, kwa Kiswahili na kwa michoro, mipango mitatu minne ya nyumba ndogo: ya mbao, ya nusu mawe, na ya mawe, yenye mkanda wa matetemeko, plafo na nafasi ya moto.

Tatu, bei ya kilowati-saa na ya kuunganishwa itangazwe wazi kwa kila kampuni, na kartiye za pembeni zisiachwe mwisho.

Ine, mkataba wa kupanga nyumba utambue kazi ambayo mpangaji amefanya.

Tano, shule zetu za ufundi, ITIG na nyingine, zipewe vifaa ili vijana wajifunze kufunga sola bila kuchoma nyumba za watu.

Na nyinyi vijana wenzetu, msisubiri majibu ndipo muanze. Mu siku hizi saba, kila mmoja ahesabu wati za nyumba yao, taa kwa taa, aandike kwenye karatasi na kuionyesha kwa wazazi. Wanafunzi wa ujenzi na umeme, mjipange kwa avenue, mzunguke kwa jirani, mseme wapi waya ni hatari na wapi plafo inatosha. Karatasi hizo tutazikusanya, kartiye kwa kartiye. Siku tutakapopeleka madai yetu, tutakwenda na hesabu mikononi, na yule aliye nyuma ya meza atalazimika kusoma.

Goma yetu imejengwa kwa haraka mara nyingi mno. Safari hii tuijenge kwa akili.